Staa Karuka na Feni Mgongoni, Mji Mzima Unapiga Makofi: Nani Atamwambia Ukweli?

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja, lakini mpaka Jumapili jioni ilikuwa imeshazunguka kila grupu la WhatsApp mjini. Kaka mmoja, jina kubwa tu kwenye Bongo Fleva, yule ambaye hata akienda kununua chipsi anatembea na mabaunsa wawili, yuko ufukweni upande wa Kigamboni asubuhi na mapema. Kaptula, singlendi, miguu peku, miwani ya jua. Mgongoni kabeba mashine yenye feni kubwa, na nyuma yake kwenye mchanga limelazwa bawa la kitambaa chekundu. Anakimbia hatua kama kumi, bawa linapanda, injini inalia, miguu inaachia ardhi. Washkaji wanapiga mayowe. Jamaa anakata kona, anapita juu ya vichwa vya watu huku akipunga mkono, anatoka mpaka juu ya maji, anarudi na kutua kwa makalio. Kicheko. Klipu imeisha.

Chini yake ni mioto na mataji tu. "Mwamba haogopi kitu." "Bro hiyo kitu inauzwa wapi?" "Sasa foleni ya Kilwa Road bai bai." Mwingine kaandika kabisa kwamba mwezi ujao akipokea mchezo wake anaagiza ya kwake.

Huyo wa mchezo ndiye wa kumwonea huruma. Staa ana bima, ana gari la kumkimbiza hospitali, ana watu wa kumchangia. Dogo wa mchezo hana hata mmoja wa hao, na alichojifunza kwenye klipu ile ni kwamba kazi yote ni kukimbia hatua kumi.

Kitu chenyewe kinaitwa paramota. Ukikiondolea mbwembwe ni vitu viwili: bawa la nailoni linalofanana na parachuti iliyonyooshwa kwa upana, na injini ndogo ya kubeba mgongoni inayozungusha pangaboi ndani ya fremu ya duara. Mashine peke yake ina kilo ishirini na kitu, ikijazwa mafuta inaweza kupita thelathini, yaani zaidi ya nusu mfuko wa saruji mgongoni, halafu unatakiwa ukimbie nayo. Injini zake nyingi zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kama mashine ya boti au chenso. Ukiwa juu unakwenda kama kilomita 40 mpaka 60 kwa saa, mwendo wa bodaboda isiyo na haraka. Hakuna magurudumu, hakuna kioo, hakuna mlango. Miguu inaning'inia, chini yako mikoko na ngalawa. Ni raha, na anayebisha hilo hajaiona.

Ndiyo maana watu wazima na akili zao wanaipenda. George Steinmetz, mpiga picha wa Marekani, ameipigia picha Afrika kutoka angani kwa miaka mingi akiwa amekaa kwenye kitu cha aina hiyo, na kitabu chake cha picha hizo kilitoka 2008. Sacha Dench aliruka nayo mwaka 2016 kutoka kaskazini kabisa mwa Urusi mpaka Uingereza akifuata njia ya ndege wa porini wanaohama. Kwa hiyo anayesema paramota ni kitu cha wendawazimu naye anakosea. Ni chombo cha anga kama vingine, ila kimekuwa kidogo na chepesi mpaka watu wanakisahau ukweli wake.

Sasa rudini kwenye klipu. Iko ndefu yake, ya dakika nne, aliipandisha mmoja wa washkaji halafu akaifuta, ila mtandaoni hakifutiki kitu. Kabla ya kuruka inasikika sauti ya mzee, bila shaka mmoja wa wavuvi wa pale:

"Mwanangu, huu umande unavuma kwenda nje. Utakupeleka."

Na staa anajibu, kwa heshima kabisa: "Usijali mzee wangu, ina injini."

Ina injini! Hapo ndipo wanaoijua kazi walipoweka simu chini.

Injini ya paramota haimshikilii mtu hewani. Kinachomshikilia ni bawa. Injini inasukuma tu, ndiyo inayokupandisha na kukuweka juu, na ikizima hudondoki kama embe, unashuka polepole ukiteleza mbele. Hiyo ni habari njema sana ukiwa juu ya uwanja mpana. Ukiwa juu ya bahari, na upepo unatoka nchi kavu kwenda nje, habari inageuka: unashuka, lakini unashukia majini, na kila sekunde upepo unakusogeza mbali zaidi na mchanga. Injini ndogo za mipigo miwili zinazima. Zinazima kwa uchafu kwenye mafuta, kwa plagi, kwa kabureta, kwa sababu ambayo fundi ataijua baada ya kuifungua. Mwalimu yeyote wa maana anamfundisha mwanafunzi wake aruke kila dakika kana kwamba injini itazima dakika inayofuata. Maana yake muda wote uwe na mahali pa kutua panapofikika bila injini. Ndiyo somo lenyewe. Ukilielewa hilo, nusu ya picha kali za Instagram unaona hazipigiki.

Na maji ndiyo yanayoua kimyakimya kwenye mchezo huu. Mtu hafi kwa kishindo, anatua vizuri tu, kisha anazama. Umefungwa mikanda mapajani na kifuani, mgongoni una chuma na injini inayokugeuza, juu yako linaanguka bawa zima la kitambaa na makumi ya kamba nyembamba zinazokuzunguka mikono na shingo. Muogeleaji hodari wa Coco Beach akiwa kwenye hali hiyo hana ubingwa wowote. Wanaoruka karibu na maji wanafunga kwenye mashine vifaa vya kuelea vinavyojijaza hewa vyenyewe vikilowa, na anayeanza anaambiwa akae mbali na maji moja kwa moja. Staa wa watu alikuwa na singlendi.

Huyo mzee mvuvi hakusoma kitabu chochote cha paramota, lakini siku ile pale ufukweni yeye ndiye aliyekuwa na elimu ya anga. Watu wa pwani wanazijua pepo kwa majina: kaskazi, kusi, matlai, umande wa alfajiri unaotoka bara, na upepo wa bahari unaoingia jua likishapanda. Mwanafunzi wa paramota analipa hela nyingi kufundishwa mambo hayohayo. Asubuhi mapema na jioni hewa imetulia, ndiyo saa za wanaoanza. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni jua limechemsha ardhi, hewa ya moto inapanda kwa mafungu, na bawa la kitambaa halina mifupa. Linakaa kwenye umbo lake kwa sababu tu upepo umelijaa ndani. Hewa ikivurugika, upande mmoja wa bawa unaweza kukunjika kama mwavuli. Visulisuli vinavyopita viwanjani Dodoma na Shinyanga na kuinua mifuko ya rambo, kwa mtu wa paramota ni jambo la kukimbia. Nyuma ya hoteli ndefu au msitu wa minazi, upepo unajiviringisha na kushuka chini, na hauonekani kwa macho. Na wingu jeusi la mvua hata likiwa mbali linasukuma upepo mbele yake. Yote haya hayamo kwenye klipu ya sekunde hamsini.

Mbona basi aliruka na akatua salama? Swali hilo limeulizwa sana na mashabiki wake, kwa ukali kabisa, kama vile ni ushahidi. Jibu ni kwamba paramota inasamehe. Inasamehe sana, na ndio ubaya wake. Ndege ndogo ya abiria ukiirusha bila kujifunza itakukataa palepale uwanjani. Paramota inakuacha uruke. Inakuacha mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka ile siku upepo umebadilika kidogo tu na wewe hujui kwamba umebadilika.

Na sio wanaoanza peke yao. Felix Baumgartner, yule Mwaustria aliyeruka na parachuti kutoka kimo cha karibu kilomita 39 mwezi Oktoba 2012 dunia nzima ikimtazama, alifariki Julai 17, 2025 huko Porto Sant'Elpidio, Italia. Hakuwa anatoka anga za juu siku hiyo. Alikuwa kwenye paraglida yenye injini, likizoni. Mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka na kikosi cha wahandisi ndiye huyo. Kaka yetu wa Kigamboni, kwa maneno yake mwenyewe chini ya posti, kajifunza "siku tatu, mbili YouTube moja Dubai".

Hiyo ya Dubai nayo iwekwe sawa. Kule jangwani watalii wanabebwa, wawili kwenye bawa moja, rubani mwenye uzoefu nyuma, mgeni mbele na kamera yake. Mgeni anapiga kelele, anapewa video, anarudi hotelini. Ni kama kupanda mwendokasi kutoka Kimara mpaka Posta halafu ukarudi nyumbani ukisema unajua kuendesha basi. Hata wenyewe waliombeba wangeshangaa.

Kuna upande wa pili wa hadithi hii, na haukupata hata robo ya laiki za yule kaka. Dada mmoja wa filamu za Kibongo, yule aliyepotea kwenye tamthilia mwaka jana watu wakazusha kwamba kaolewa, yuko nje ya nchi kwenye shule ya paramota. Amekuwa akipandisha vipande vya mazoezi yake wiki ya tatu sasa. Hakuna hata kimoja ambacho yuko hewani. Kwenye klipu ya kwanza kavaa helmeti na buti, hana injini mgongoni, amelishika bawa kwa kamba na linamburuza kwenye majani kama mbuzi mkaidi. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu kasimama nalo kichwani dakika nzima, linayumba kushoto anakwenda kushoto, linayumba kulia anakwenda kulia. Kwenye nyingine kaning'inizwa kwenye fremu kama nguo, mwalimu anamtikisa na kumwambia afanye hiki na kile, naye anajibu "sawa mwalimu" kila mara.

Wabongo walimfanyaje? "Dada hilo pazia limekushinda?" "Si uanike tu kwenye kamba." "Mwenzio fulani karuka siku ya tatu, we bado unafua." Yeye akamjibu mmoja tu: "Kaka yangu, nikilishindwa hapa chini, kule juu nitalifanyaje?"

Huyo ndiye anayejifunza. Kulicheza bawa chini ndiyo kazi kubwa ya anayeanza, masaa na masaa, mpaka mikono ijue yenyewe. Kwa sababu ajali nyingi za mwanzoni zinatokea hapo kwenye kuondoka na kutua, wala sio mawinguni. Bawa limepanda limepinda, mtu hajaliangalia, kaongeza mafuta, limemvuta pembeni na pangaboi limepiga mchanga. Au lile kosa maarufu: miguu imeachia ardhi sekunde moja tu, mtu kafurahi, kajikalia kwenye kiti mapema, bawa halijawa tayari kumbeba, kashuka kwa makalio juu ya feni inayozunguka. Mwenye bahati anavunja pangaboi na fremu. Ndiyo maana mwalimu anasema endelea kukimbia, kimbia, kimbia hata ukiwa hewani.

Kisha breki. Mikono miwili imeshika vishikio viwili, ukivuta cha kulia unakwenda kulia, ukivuta vyote unapunguza mwendo. Ukivivuta sana, bawa linakosa upepo wa mbele na linaacha kuruka. Na mwili wa binadamu ukiogopa unafanya nini? Unakunja mikono na kuvuta chini. Mwili unafanya kosa wenyewe bila kuulizwa. Mazoezi yapo ili kuuzoesha mwili uachie mikono juu wakati kila kitu ndani kinapiga kelele kamata. Hilo YouTube haliwezi kukufundisha, hata uangalie kwa bando la mwezi mzima. Pangaboi nalo likizunguka kwa nguvu linausokota mwili wa mrukaji upande mmoja. Ukiongeza mafuta yote huku umevuta breki sana upande huohuo, unajitengenezea mzunguko ambao kutoka kwake kunahitaji kimo, na anayeanza mara nyingi hana kimo.

Siku ya kwanza ya kuruka peke yake, mwanafunzi wa shule ya maana ana redio sikioni na mwalimu chini anamsemesha. Uwanja mpana, hauna nyaya za umeme, hauna watu. Upepo mdogo na usiobadilika. Anapanda moja kwa moja, anapata kimo kwanza, anageuka kwa kona pana na za taratibu, anarudi, anazima injini, anatua dhidi ya upepo. Hakuna kupunga mkono. Klipu yake ingekuwa inachosha kweli kuiangalia.

Kuhusu pangaboi, tuache ushabiki kidogo. Kati ya majeraha mabaya ya paramota, mengi ni ya mikono na vidole, na mengi yanatokea mtu akiwa bado ardhini anawasha. Mkono wa mafuta umekwama, injini inawaka kwa nguvu zote, mashine inaruka kumfuata aliyeiwasha. Kwenye klipu ndefu ya staa kuna sehemu inayotisha kuliko hata kule baharini: dogo wa kamera kachuchumaa ubavuni, sambamba kabisa na feni, ili apate angle. Ule mstari wa pembeni ndio mahali ambapo kipande cha pangaboi kikikatika kinakwenda. Hata mshkaji mwingine aliyekuwa ameshikilia fremu, vidole vyake vilikuwa kwenye nyavu zilezile zinazomtenganisha na blade. Hakuna aliyewaambia chochote. Nani angewaambia, wakati mwenye kujua zaidi pale ni aliyejifunza siku tatu?

Halafu mikanda ya mapajani. Wadau wa michezo hii wanalitaja hili kila siku: kuna watu wazoefu, sio washamba, waliosahau kufunga mkanda wa paja kwa sababu mtu aliwasemesha wakati wanajiandaa. Ukipaa bila mkanda huo unateleza kwenye kiti, unabaki umening'inia kwa mabega na mikono. Ndiyo sababu ukaguzi kabla ya kuruka unafanywa kwa mpangilio uleule kila siku, na ukikatizwa na mtu unaanza upya. Sasa weka hapo meneja anayesema "bosi jua linapanda", mpiga picha anayesema "tena kidogo kushoto", na mashabiki hamsini wanaoita jina lako.

Vifaa navyo ni hadithi nyingine. Inasemekana mashine ya staa ni ya mkono wa pili, kaletewa na mtu wa mizigo. Kununua mtumba sio dhambi, seti mpya ya bawa na injini inapita bei ya IST ya kwenye yadi, na wengi duniani wanaanza na vilivyotumika. Ila bawa lina saizi ya uzito wa mrukaji, pamoja na mashine yake. Mwembamba akiruka na bawa la bonge anapeperushwa. Bonge akiruka na bawa la mwembamba kila kitu kinakwenda haraka, kutua kukiwemo. Bawa pia lina daraja. Kwa vipimo vya Ulaya, A ni la anayeanza, tulivu, likikunjika linajirekebisha lenyewe mara nyingi. D ni la mabingwa. Na nailoni inazeeka kwa jua na chumvi, inaanza kupitisha hewa, kamba zinarefuka au kufupika milimita kadhaa na bawa linabadilika tabia bila wewe kuona. Linatakiwa likaguliwe na anayejua kabla hujalipa. Muuzaji wa mtandaoni anayeandika "free size" huyo anauza shuka.

Parachuti ya akiba nayo ipo, na inafaa kuwa nayo. Lakini inahitaji kimo ili ifunguke, na kimo alichopita nacho staa juu ya vichwa vya watu hakikutosha hata kufungua mwavuli.

Kuna wanaosema "Marekani hakuna leseni, mbona mnasumbua watu?" Ni kweli kule chombo cha mtu mmoja chenye uzito chini ya pauni 254, yaani kama kilo 115, hakihitaji leseni ya rubani. Wanaolisema hilo wanaacha kusoma mbele. Sheria hiyohiyo inakataza kuruka juu ya maeneo yenye watu wengi, na inataka iwe ni mchana. Ufaransa leseni inatakiwa. Uingereza leseni haitakiwi, ila watu wanakwenda shule za hiari na kupimwa kwa sababu wanapenda kuzeeka. Na huku nyumbani anga ina mwenyewe: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA. Dar na Zanzibar zina ndege ndogo kutwa nzima zinazopita pwani kwa kimo cha chini zikipeleka watalii. Rubani wa ndege ile hatarajii kukutana na msanii. Kabla ya kuuliza "inauzwa wapi", simu ya kwanza ni kwa mamlaka, kuuliza nini kinaruhusiwa, wapi na kwa masharti gani.

Kama mtu anataka kweli, na hela ipo, njia haijajificha. Aanze na bawa bila injini. Jirani zetu Kenya, kule Iten juu ya Bonde la Kerio, watu wanaruka paraglida miaka mingi. Ni mahali pazuri pa kumwona mtu anayejua bawa akifanya kazi yake. Kisha shule yenye mwalimu anayekubali kusema hapana. Kozi nyingi ni za wiki moja mpaka mbili, na siku ambazo upepo umekataa zinahesabika kama siku za shule, unakaa chini ya mti unajifunza kufunga na kufungua injini. Mwalimu anayekuahidi kwamba utaruka siku ya pili hata hali ya hewa iweje, mwachie hela ya nauli uondoke.

Mashabiki nao wasijitoe. Staa anapandisha kinachopata laiki. Yule dada kapata kejeli kwa kuvaa helmeti, kaka kapata mataji kwa kutoivaa. Hayo ni mafunzo pia, na yanafanya kazi haraka kuliko ya mwalimu yeyote. Mtu wa kawaida siku upepo ukiwa mbaya anakunja bawa lake anarudi nyumbani kunywa chai. Staa ambaye kashatangaza, kashalipa drone na boti, na watu laki tatu wanasubiri, hiyo chai ataipata wapi?

Sio swali la kufikirika. Juzi usiku kapandisha bango jipya. Shoo ya ufukweni ya mwisho wa mwezi, na ahadi imeandikwa kwa herufi kubwa: ataingia jukwaani kutoka angani. Usiku, kwa maana shoo yenyewe inaanza saa mbili. Juu ya watu, kwa maana jukwaa liko katikati yao. Na mwisho wa mwezi huu kusi limeshakaza.

Mchumba wake, naye jina kubwa kwenye mambo ya urembo, kaandika neno moja refu chini ya bango: "Baba, tuongee kwanza." Kajibiwa na mamia ya watu wanaocheka, wakimwambia amwache mwanaume afanye kazi. Mdhamini wa vinywaji kaweka moto tatu. Promota kaandika tiketi za VIP ziko karibu na sehemu ya kutua, wahini mapema.

Promota huyo anaweza kujibu jambo moja tu kabla hajauza tiketi nyingine. Pale ufukweni siku ile, nani mwenye mamlaka ya kumwambia staa "leo huruki", na staa akavua mashine?